Mtungi Usiotoka Jasho

Katika nyumba nyingi za nchi yetu, pwani na bara, tangu zamani huwekwa mtungi wa udongo mahali pa kivuli. Maji yake ni baridi, ijapokuwa hayakutiwa barafu. Ukipitisha mkono juu ya tumbo la mtungi huo utaona unyevunyevu, na wazee husema kwamba mtungi unatoka jasho. Sasa twaa mtungi mwingine wa namna ile ile, uupake rangi ya mafuta kwa nje ili upendeze macho, kisha uujaze maji. Mtungi huo utakuwa mkavu na mzuri wa kutazama, lakini maji yake hayatapoa kama yale ya kwanza. Hapo ndipo penye siri ya habari ninayotaka kueleza, nayo ni habari ya jasho la binadamu, na ya watu ambao jasho lao ni haba.

Yanipasa nianze kwa kuungama kosa langu. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bara, nilipewa kazi ya kusimamia mbio za adhuhuri. Palikuwa na mvulana mmoja ambaye, wenzake walipolowa fulana zao, yeye ngozi yake ilibaki kavu. Nilimsimamisha mbele ya wote nikasema, “Mtazameni mwenzenu! Hatoki hata tone la jasho. Huyo ndiye mwanamume.” Juma la pili yake mvulana yule alianza kuyumba njiani kama mlevi, akaanguka, macho yamemwiva na ngozi inachoma kama chungu kilicho motoni. Tulimbeba mpaka mtini tukammwagia maji, na kwa bahati njema akapona. Mimi lakini haya yangu haikupona upesi. Nilikuwa nimeusifu mtungi uliopakwa rangi. Ndipo nilipoanza kutafuta vitabuni nijue watu wa zamani walijifunza nini juu ya jambo hili, nikaona kwamba elimu hii ilinunuliwa kwa bei ghali, na mara nyingine kwa uhai wa watu.

Kwanza yafaa tufahamu kazi ya jasho. Mwili wa mtu mzima mwenye afya huwa na joto la nyuzi 37 hivi za sentigredi. Mtu anapokimbia, misuli yake hutumia chakula kama moto utumiavyo kuni. Lakini katika nguvu zote zipatikanazo, robo tu au pungufu ndiyo igeukayo kuwa mwendo. Sehemu yote iliyobaki hugeuka joto, na joto hilo lisipopata njia ya kutoka, mtu ataiva kutoka ndani. Njia iliyo kuu ni ngozi, ambayo ina tezi za jasho zipatazo kati ya 2,000,000 na 4,000,000. Tezi hizo humwaga maji juu ya ngozi, na maji yale yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi, huchukua joto ambalo lingeweza kupandisha mwili wa mtu wa kilo 60 kwa zaidi ya nyuzi 10. Basi fikiri mwenyewe: joto la mwili likipita nyuzi 40 tu, akili huanza kuvurugika, na likizidi kupanda na kudumu, ubongo, ini na mafigo huharibika. Angalia tena kwamba kinachompoza mtu ni kukauka kwa jasho. Jasho lidondokalo chini halina faida.

Mmoja wa watu wa mwanzo waliolieleza jambo hili kwa maandishi alikuwa Benjamin Franklin, yule Mmarekani aliyechunguza umeme wa radi. Katika mwaka wa 1758 alimwandikia barua daktari John Lining wa Charleston. Alimweleza habari za wavunaji wa ngano wa Pennsylvania, waliofanya kazi katika jua kali la kiangazi. Kwa maelezo yake, wavunaji wale waliweza kuvumilia kazi muda wote walipotoka jasho na kunywa mara kwa mara ili jasho lisikatike. Bali jasho lilipokatika waliweza kuanguka, na wengine wakafa ghafula. Franklin alifahamu kwamba maji yanapogeuka mvuke huleta ubaridi, kwa kuwa yeye na rafiki yake walikuwa wamekwisha kulijaribu jambo hilo kwa kipimajoto na dawa iwahiyo kukauka. Basi wavunaji wa ngano, ambao pengine hawakusoma kitabu hata kimoja, walikuwa wameijua hatari ya ngozi kavu kabla ya mabingwa.

Miaka kumi na sita baadaye, katika Januari ya 1774, daktari George Fordyce aliwaalika marafiki zake katika vyumba alivyovitia moto mwingi mjini London. Miongoni mwao alikuwamo daktari Charles Blagden, ambaye aliandika habari zao zikachapishwa na Royal Society mwaka 1775. Walianza kwa joto la kadiri, wakaongeza kidogo kidogo, hata katika jaribio moja la baadaye Blagden aliingia katika chumba chenye joto la nyuzi 127 za sentigredi, akakaa humo dakika 8. Ndani ya chumba cha namna ile mayai yaliiva na nyama ikaiva, hali watu walitoka salama, na joto la miili yao lilikuwa karibu na lile la siku zote.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki hukomea hapo kwenye nyama na mayai. Mimi napenda zaidi jaribio jingine walilolifanya mle mle. Walitia maji katika vyombo viwili. Chombo kimoja kilikuwa na maji matupu, na cha pili kilitiwa kipande cha nta kikayeyuka na kutanda juu. Maji matupu yalipanda mpaka nyuzi 60 hivi, yakasimama hapo zaidi ya saa nzima pasipo kuchemka, kwa kuwa mvuke uliokuwa ukitoka ulikuwa ukiyapoza. Maji yenye nta yalizidi kupata moto. Ndipo wakadondosha mafuta kidogo juu ya vyombo vyote viwili, na mvuke ulipozuiwa, maji yote mwishowe yakachemka kwa nguvu. Joto la chumba lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa ni ule utando mwembamba wa mafuta. Nakuomba, msomaji, ukumbuke utando huo, maana tutaukuta tena mahali pa huzuni.

Lakini je, wako watu waliozaliwa na ngozi isiyotoa jasho? Naam, wako. Charles Darwin, katika kitabu chake kilichotoka kwa mara ya pili mwaka 1875, alieleza habari za ukoo mmoja wa Kihindu katika nchi ya Sind, ambayo leo ni jimbo la Pakistan. Katika vizazi vinne wanaume 10 wa ukoo ule walikuwa na meno machache tu na nywele haba, na wakati wa joto walipata taabu kubwa kwa ukavu wa ngozi. Darwin aliona pia kwamba mabinti hawakupatwa, ila waliwarithisha wana wao wa kiume. Siku hizi mabingwa wa urithi wameijua asili ya hali hiyo ndani ya chembe za mwili, nao wanaeleza kwamba watu wa namna hii huzaliwa na tezi chache mno za jasho, au hawanazo kabisa. Kosa si lao, wala si uvivu. Mtu wa Sind aliyejificha kivulini wakati wenzake walipolima alikuwa akiulinda uhai wake, ingawa jirani asiyejua angaliweza kumwita mvivu.

Sasa twende Stockholm, mji mkuu wa Sweden, katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1912. Ureno ilishiriki kwa mara ya kwanza, na aliyechukua bendera yake alikuwa Francisco Lázaro, fundi seremala wa Lisbon aliyekuwa bingwa wa marathoni wa nchi yake. Siku ya mbio, tarehe 14 Julai, jua lilikuwa kali sana kuliko ilivyotazamiwa katika nchi ile ya kaskazini. Wakimbiaji 68 walianza, na karibu nusu yao hawakumaliza. Mshindi alikuwa Ken McArthur wa Afrika Kusini. Mjapani Shizo Kanakuri alizidiwa na joto, akapokewa katika nyumba ya watu, kisha akarejea kwao kimya kimya. Katika mwaka wa 1967 alialikwa tena Stockholm, naye mzee akaimaliza mbio yake baada ya zaidi ya miaka 54!

Lázaro hakupata nafasi kama hiyo. Alipofika karibu na kilomita ya 30 alianguka, akapelekwa hospitali, akafa kesho yake. Ilisimuliwa kwamba kabla ya mbio alikuwa amejipaka mafuta mazito mwilini ili jua lisimwunguze. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, alifanya kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa nia njema, lile lile walilolifanya akina Blagden katika vyombo vyao: alitandaza mafuta juu ya maji, mvuke ukakosa njia. Elimu ilikuwapo, imechapishwa tangu miaka 137 iliyopita, lakini haikumfikia seremala wa Lisbon. Hapa nawaomba wanafunzi watafakari. Maarifa yaliyofungiwa katika vitabu vya mabingwa hayamwokoi mtu aliye barabarani.

Upande wa pili wa habari hii watoka katika bara letu wenyewe. Katika machimbo ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, kadiri mashimo yalivyozidi kwenda chini ndivyo miamba ilivyozidi kuwa na joto. Tena palikuwa na vumbi la mawe lililoharibu mapafu, kwa hiyo maji yalinyunyizwa ili kulituliza. Dawa ya vumbi ikawa adui mpya: hewa ilijaa unyevu hata jasho la wachimbaji halikuweza kukauka. Walitoka jasho jingi wakalowa, walakini hawakupoa. Kwa mtu wa chini ya ardhi mle, jasho lisilokauka lilikuwa sawa na kutokuwa na jasho. Katika mwaka wa 1924 watu walianza kuandikwa kuwa wamekufa kwa joto katika machimbo hayo, na wachimbaji wa chini walikuwa hasa Waafrika walioacha jamaa zao mbali wakatafute mshahara.

Katika miaka ya 1930 daktari Dreosti aliwapima wachimbaji wapya kwa kuwafanyisha kazi katika chumba cha joto na unyevu, akilinganisha joto la miili yao kabla na baada ya kazi. Alivumbua kwamba watu hawalingani: joto la wengine lilipanda kidogo tu, la wengine likapanda upesi mno, ijapokuwa wote walikuwa vijana wenye nguvu. Tena ilionekana kwamba mwili unaweza kufundishwa. Mtu akifanya kazi ya kadiri katika joto kila siku, kwa muda wa siku 10 hadi 14, huanza kutoka jasho mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na chumvi katika jasho lake hupungua. Uvumbuzi huo ulikuwa mkubwa, na wanariadha wa dunia nzima wanautumia hata leo. Walakini tusisahau ulianzia wapi. Waliopimwa walikuwa watu maskini, na wenye machimbo walitaka dhahabu kwanza. Wachimbaji wale walitoa jasho lao mara mbili: mara ya kwanza kwa dhahabu, mara ya pili kwa elimu tunayoitumia sisi.

Katika mwaka wa 1954, huko Vancouver, Kanada, ilifanyika michezo ya nchi za Dola ya Kiingereza, ambayo Kenya ilipeleka timu kwa mara ya kwanza. Mwingereza Jim Peters aliingia uwanjani akiwa wa kwanza katika marathoni, amewaacha wenzake kwa dakika nyingi. Kumbe joto lilikuwa limekwisha kumshinda. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, mara nyingi, watu wakimtazama kwa hofu, wala hakuufikia mwisho. Alipona, lakini hakushindana tena. Siku zile wakimbiaji wengi waliona kwamba kunywa maji njiani ni udhaifu. Miaka sita baadaye, katika mwaka wa 1960, wenye kuandaa Olimpiki ya Roma walianzisha marathoni jioni ili jua liwe limepungua, na Abebe Bikila wa Ethiopia akashinda miguu mitupu usiku umeingia. Basi hapo unaona watu wakianza kuitii hali ya mwili.

Kwetu Kenya somo hili lilikuja Mombasa, tarehe 24 Machi, 2007, siku ya mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, na watu wengi hawakufikiri kwamba angeweza kushindwa. Lakini Bekele ni mtu wa milimani, na Mombasa ni mji wa bahari. Katika nyanda za juu hewa ni kavu, jasho hukauka mara litokapo. Pwani hewa imekwisha kushiba maji, nalo jasho hutiririka bure. Siku ile wakimbiaji wengi walizidiwa, na Bekele mwenyewe hakumaliza mbio. Mshindi alikuwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba Bekele ni mwoga. Watu walifahamu kwamba joto halimjui bingwa.

Baada ya hapo mambo yakaendelea. Huko Doha, katika mwaka wa 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza karibu na saa sita ya usiku, na hata hivyo katika wakimbiaji 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Giza liliondoa jua, lakini halikuondoa unyevu. Kwa ajili ya hofu ya joto la namna hiyo, marathoni za Olimpiki ya Tokyo zilihamishiwa Sapporo, mji wa kaskazini ulio mbali zaidi ya kilomita 800. Huko, katika Agosti ya 2021, wanawake waliondoka saa kumi na mbili ya asubuhi, saa moja kabla ya wakati uliopangwa kwanza. Washindi walikuwa Wakenya wawili, Peres Jepchirchir na Eliud Kipchoge.

Tukiikusanya historia hii yote twapata neno moja: joto halishindwi kwa ushujaa, hushindwa kwa maarifa. Mtu asiyetoka jasho asisifiwe wala asichekwe, yampasa achunguzwe. Huenda amezaliwa hivyo, au ngozi yake ina makovu makubwa ya moto, au anatumia dawa fulani zikatazazo jasho, au hakuzoea joto, au mwili wake umepungukiwa na maji. Huenda vilevile anatoka jasho kama wengine, ila hewa kavu hulikausha kabla hujaliona. Jicho la mwalimu halitoshi kupambanua. Hiyo ni kazi ya daktari. Tena tusidanganyike kwamba mwenye kulowa yu salama, kwa maana mkimbiaji aweza kuzidiwa na joto hali angali anatoka jasho.

Na yule ambaye jasho lake ni haba kweli, je, akae nyumbani siku zote? La, hasha. Anaweza kupewa jasho la kuazima. Alowanishe fulana na kichwa kwa maji, akae penye upepo, nayo maji yale yatakauka juu yake na kumpoza kama yanavyofanya kwa mtungi. Akimbie alfajiri, au jioni jua likiisha kutua. Aongeze mazoezi kidogo kidogo, apumzike kivulini kabla hajachoka kabisa, anywe maji akiwa na kiu, wala asikimbie peke yake. Na mwenzake akimwona anayumba au anasema maneno yasiyoeleweka, asingoje wala asitie shaka. Ampeleke kivulini, ampoze kwa maji mengi ya baridi mwili mzima, hapo hapo alipo, na huku mtu mwingine akimbilie msaada wa hospitali.

Yule mvulana wangu alipelekwa kwa daktari, na daktari akaeleza kwamba tezi zake za jasho ni chache tangu kuzaliwa. Hakuacha riadha. Tulibadili saa ya mazoezi ya shule nzima, adhuhuri ikawa alfajiri, na kando ya uwanja tukaweka ndoo ya maji na kata. Kila mzunguko alijimwagia kata moja, kisha akaendelea. Mwanzoni wenzake walicheka. Baada ya majuma machache wao nao walikuwa wakijimwagia.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo hufundishwa kwa ajili ya kuwahimiza watu kufanya kazi, na ni vyema. Lakini ina sehemu mbili, nasi walimu mara nyingi tumewahimiza watoto waingie juani tukasahau kuwaonyesha kivuli kilipo.